Tiketi ya pauni 100 kwenye nafasi yangu mwenyewe, na jirani anaegesha humo kila jioni: nianze wapi?

Dada wa Ilala

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa wanaoyajua mambo ya maegesho kwenye nyumba za mashirika hapa Uingereza. Nipo England, nje ya London, nimepanga kwenye shirika la nyumba, si kwa kaunsili (serikali ya mtaa). Mkataba wangu ni wa 2014 na unaitaja nafasi namba 14 kuwa yetu. Mwaka jana shirika likaleta kampuni binafsi isimamie maegesho. Mabango yakawekwa, na kila nyumba ikapewa kibali kimoja cha karatasi cha kuweka juu ya dashibodi. Kibali hakiandiki namba ya nafasi.

Tarehe 3 Machi gari lilikutwa ndani ya namba 14, kibali kimedondoka chini kwenye miguu ya abiria. Tiketi iliyobandikwa kwenye kioo ni pauni 100, au 60 ikilipwa ndani ya siku 14. Gari limesajiliwa kwa jina na anwani ya shemeji.

Halafu kuna jirani wa ghorofa ya juu. Anaingiza vani yake namba 14 karibu kila jioni, na ukimwambia anajibu kwamba kibali chake ni cha eneo zima, anayewahi ndiye anayekaa. Mama yangu mzazi anaishi nami, ana Blue Badge (kadi ya maegesho ya walemavu), na nafasi iliyobaki wazi huwa ya mwisho kabisa karibu na mapipa ya taka.

Leo ni tarehe 9 Machi. Je, nilipe? Naruhusiwa kumzibia jirani au kuweka mnyororo? Na hiyo Blue Badge ya mama ina nguvu yoyote humu ndani?

Chuma

Hiyo si faini ya serikali, ni karatasi tu. Usijibu wala usilipe, watachoka wenyewe. Na wa vani mbane: akishaingia namba 14, egesha nyuma yake usiku kucha. Asubuhi atakuja kukubembeleza.

Karatasi Kwanza

Ndugu Chuma, kwa heshima nakupinga kwa yote mawili, maana ushauri huu umewatia watu hasara.

Tuanze na kumzibia jirani. Kufunga magari minyororo kwenye ardhi binafsi kulipigwa marufuku England na Wales kuanzia 1 Oktoba 2012, chini ya kifungu cha 54 cha Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya 2012. Wengi wanakumbuka habari ya minyororo ya magurudumu tu. Kifungu hichohicho kinasema ni kosa pia kulizuia gari lisitembee, kwa njia yoyote ile, ukikusudia mwenye haki ya kuliondoa ashindwe kuliondoa. Gari lako lililoegeshwa nyuma ya vani usiku kucha ni "njia yoyote ile". Leo dada ndiye mwenye haki yake. Akimzibia mtu asubuhi asiende kazini, mlalamikaji atakuwa jirani.

Na kupuuza tiketi ulikuwa ushauri wa kabla ya tarehe hiyohiyo. Zamani kampuni ilibidi imjue dereva. Jedwali la 4 la sheria ile likaipa kampuni njia ya kumdai mwenye gari aliyesajiliwa DVLA (ofisi ya serikali inayosajili magari) iwapo dereva hajulikani. Dada, hapa mwenye gari ni shemeji yako. Barua zitafika kwake, na zikifika mahakamani ni jina lake litakaloandikwa. Mpigie leo, mwambie kila bahasha isiyoeleweka aipige picha akutumie siku hiyohiyo. Katika jamii yetu magari mengi yako kwa majina ya ndugu, na hukumu nyingi za deni zinaangukia watu ambao hata hawakujua kuna tiketi.

Sasa swali lenyewe. Mzizi wake ni huu: ni kipi kilitangulia, mkataba wako au bango? Bango la kampuni ni ofa ya mkataba. Linamwambia anayeingia, "ukiegesha hapa umekubali masharti haya, ukiyavunja unalipa pauni 100." Kwa mtu asiye na haki yoyote mahali hapo, ofa hiyo ina nguvu. Mahakama ya Juu mwaka 2015 ilikubali tozo ya pauni 85 kwenye maegesho ya maduka ya Chelmsford, kwa sababu yule alikuwa mteja aliyeruhusiwa saa 2 bure akazidisha, na mabango yalikuwa makubwa na wazi. Wewe hukuingia namba 14 kwa hisani ya bango. Uliingia kwa haki uliyokwisha kupewa miaka kadhaa nyuma, na unailipia kodi. Mwenye nyumba hawezi kukupa haki kwenye mkataba halafu akamtuma mtu wa tatu akuuzie haki ileile kwa masharti mapya bila ridhaa yako.

Ipo hukumu ya rufaa ya mwaka 2016 ya mahakama ya kaunti ya Oxford inayofanana na hali hii. Mkaazi wa ghorofa alisimamisha gari mbele ya mlango ashushe meza, akapigwa tiketi. Jaji akasema haki za mkaazi chini ya mkataba wa nyumba haziwezi kupunguzwa na kibao kilichokuja baadaye, na kwamba kusimama kushusha mzigo si kuegesha. Hukumu ya ngazi ile haiwafungi majaji wengine, ila wanaisikiliza.

Yote haya yanasimama au kuanguka kwa maneno halisi ya mkataba wako. Tuandikie sentensi inayotaja namba 14, neno kwa neno, pamoja na maneno yoyote yanayoifuata. Tafuta hasa maneno yanayofanana na "kwa kufuata taratibu atakazoweka mwenye nyumba". Hapo ndipo kesi nyingi zinapogeuka. Usilipe kwanza, na usiandike kokote nani alikuwa anaendesha. Kampuni binafsi haina mamlaka ya kukulazimisha umtaje dereva. Usidanganye, andika tu "gari" na "mwenye gari aliyesajiliwa".

Abu Salim

Mwanangu, mwenzangu ameshika upande wa tiketi, mimi nishike upande wa jirani.

Jirani hana haki ya namba 14, lakini kibali alichopewa kimemfanya aamini anayo. Kosa la kwanza ni la shirika lililotoa vibali visivyo na namba kwenye eneo lenye nafasi zenye namba. Kwa hiyo barua yako iende kwa shirika kabla ya kugombana ngazini. Na katika barua litumie neno "malalamiko" kwa uwazi. Ukiandika "naomba msaada kuhusu maegesho" watakusajili kama ombi la huduma, na ombi la huduma halina saa inayohesabu. Malalamiko yana saa: chini ya kanuni ya Housing Ombudsman (mwamuzi huru wa malalamiko dhidi ya wenye nyumba), ambayo tangu 1 Aprili 2024 ni ya lazima kisheria, wanatakiwa kukiri kupokea ndani ya siku 5 za kazi, kujibu hatua ya kwanza ndani ya siku 10 za kazi baada ya kukiri, na ukikataa jibu hilo wajibu hatua ya pili ndani ya siku 20 za kazi. Wanaweza kuongeza muda, ila wakwambie na watoe sababu. Baada ya hatua ya pili unaenda kwa Ombudsman bila kulipa hata senti. Ujue tu kwamba Ombudsman haamui nani kati yako na jirani ana haki. Anapima shirika lilivyolishughulikia jambo lenyewe.

Ushahidi: usiandike "kila siku". Andika jedwali. Tarehe, saa uliyoliona gari, namba ya gari, saa lilipoondoka kama unajua, wewe ulilazimika kuegesha wapi. Wiki 3 au 4 zinatosha. Kila picha ioneshe vitu viwili kwa pamoja: namba 14 iliyoandikwa chini na vani juu yake. Picha ya vani peke yake haimwambii mtu aliye ofisini chochote. Kama rangi ya namba imefutika, piga picha namba 13 na 15 pembeni ili hesabu ijioneshe, na uombe ipakwe upya. Rangi iliyofutika huzaa ugomvi mwingi kwenye maeneo haya, na kuipaka upya ni kazi ya asubuhi moja.

Picha hizo usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la wakaazi. Ukimwanika mtu na namba ya gari lake, anageuka yeye ndiye anayesumbuliwa.

Nguzo ya kukunja yenye kufuli inawezekana, lakini lami ni ya shirika. Ukiitoboa bila ruhusa ya maandishi watakudai gharama za kuirudisha ilivyokuwa. Omba ruhusa kwenye barua hiyohiyo, useme nani atabaki na ufunguo wa akiba. Wakikuuliza kuhusu gari la zimamoto, nguzo ndani ya nafasi yako haipunguzi upana wa njia. Kinachotakiwa kwa kawaida ni njia ya mita 3.7 kati ya kingo mbili.

Na nenda kwa jirani mara moja, kwa adabu, mchana, ukiwa na nakala ya ramani ya mkataba mkononi. Si kwa sababu sheria inadai. Ofisi itakuuliza kama ulimwambia, na tarehe ya jibu lake inaingia kwenye jedwali.

Dada wa Ilala

Ahsanteni sana. Nimeutoa mkataba. Kifungu kinasema hivi, natafsiri nilivyoweza:

"Mpangaji anaruhusiwa kutumia nafasi namba 14 iliyooneshwa kwenye ramani kwa gari moja binafsi, lenye kodi ya barabara na linalotembea, kwa kufuata taratibu za kuridhisha za usimamizi wa eneo ambazo mwenye nyumba ataziarifu kwa maandishi."

Barua ya kututambulisha kampuni ninayo. Inasema kibali "kiwekwe mahali panapoonekana". Haisemi popote kuhusu pauni 100; hiyo iko kwenye bango tu. Bango la karibu liko kwenye nguzo ya taa, juu ya kimo cha mtu, na maandishi ya masharti ni madogo, huwezi kuyasoma ukiwa chini.

Karatasi Kwanza

Vizuri kwamba umeiandika yote, kwa sababu ule mkia wa sentensi unabadilisha uzito. Sitakuficha: kama mkataba ungeishia kwenye "namba 14 iliyooneshwa kwenye ramani", ningekwambia una kesi nzito. Kwa maneno haya shirika lina haki ya kuweka taratibu, na kutaka kibali kioneshwe ni utaratibu ambao jaji anaweza kuuona wa kuridhisha. Usiende ukadai kwamba kibali hakikuhusu kabisa.

Lakini soma tena maneno matatu yaliyomo: "za kuridhisha", "za usimamizi", "kwa maandishi". Utaratibu ulioarifiwa kwa maandishi ni kuweka kibali panapoonekana. Tozo ya pauni 100 kwa kampuni nyingine haikuarifiwa kwa maandishi; ilipachikwa kwenye nguzo. Lengo la utaratibu ni kuwazuia wageni wasichukue nafasi za wakaazi, na hapa mkaazi alikuwa kwenye nafasi yake, kibali anacho, kimedondoka. Kumtoza mtu wa namna hiyo hakulindi chochote ambacho utaratibu uliwekwa kulinda. Hoja zako ziwe hizo tatu: haki ya nafasi inatoka kwenye mkataba, tozo haikuwa sehemu ya taratibu zilizoarifiwa, kibali halali kilikuwepo ndani ya gari, na nakala yake hii hapa.

Nani wa kumwambia kwanza? Shirika. Kampuni inafanya kazi kwenye ardhi hiyo kwa idhini ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi akiiambia ifute tiketi, inafuta. Njia hii watu wengi wanaisahau, wanakesha kubishana na kampuni ambayo inapata kipato kwa kukataa rufaa. Katika malalamiko yako omba kwa maneno haya haya: "iagizeni kampuni ifute tozo hii."

Lakini saa ya kampuni haisimami kwa sababu umeliandikia shirika. Tuhesabu. Tiketi ilibandikwa 3 Machi. Punguzo la pauni 60 linaisha 17 Machi. Rufaa kwa kampuni itumwe ndani ya siku 28, yaani isivuke 31 Machi. Ukiituma kabla ya 17 Machi wakakataa, kwa kawaida wanakurudishia tena siku 14 za kulipa kwa punguzo. Ukiamua kwenda mbele kwa mwamuzi huru, punguzo linakufa. Kama pauni 60 ingekuuma kidogo lakini 100 ingekuumiza, tuma kabla ya 17.

Kisha angalia barua kwa shemeji, ile yenye kichwa "Notice to Keeper". Kwa tiketi iliyobandikwa kwenye kioo, kampuni ikitaka kumdai mwenye gari chini ya Jedwali la 4, barua hiyo imfikie ndani ya siku 28 zinazofuata zile 28 za mwanzo. Kwa tarehe yako ni kati ya 1 na 28 Aprili. Ikija mapema au ikichelewa, au ikikosa maneno yanayotakiwa na sheria, mwenye gari hawajibiki. Anabaki dereva tu, ambaye hawamjui. Mwambie shemeji asitupe bahasha, kwa sababu muhuri wa posta ni ushahidi. Kwa faida ya wasomaji wengine: pale ambapo kamera ilipiga picha bila kubandika chochote, barua inatakiwa ifike ndani ya siku 14.

Rufaa ikikataliwa utapewa njia ya mwamuzi: POPLA kama kampuni ni mwanachama wa BPA, IAS kama iko chini ya IPC (BPA na IPC ni vyama viwili vya kampuni za maegesho). Uamuzi wa POPLA unaifunga kampuni, haukufungi wewe. Huko waombe waoneshe mkataba wao na mwenye ardhi na picha za mabango zilizopigwa mahali pale, siyo mchoro wa kompyuta.

Barua za wakusanya madeni hazina nguvu ya madalali wa mahakama. Hawawezi kuja kuchukua kitu. Huongeza hadi pauni 70 juu ya tozo, ingawa Jedwali la 4 linasema mwenye gari hadaiwi zaidi ya kiasi kilichotajwa kwenye barua aliyoandikiwa. Hizo unaweza kuziweka kando. Zisizowekwa kando ni mbili: barua ya kusudio la kushtaki, yenye siku 30 za kujibu, na fomu ya madai ya mahakama. Fomu huhesabiwa imepokelewa siku ya 5 baada ya tarehe iliyotolewa. Kutoka hapo una siku 14 za kukiri kupokea, na ukikiri unapata siku 28 kwa jumla kuleta utetezi. Ukizembea, mahakama inatoa hukumu ya upande mmoja bila kusikiliza lolote kuhusu namba 14. Hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi mmoja inakaa kwenye rejista miaka 6, na kuiomba mahakama iiondoe kunagharimu zaidi ya pauni 300 kwa asiye na msamaha wa ada.

Bibi wa Mombasa, mashariki ya London

Nawasalimu. Naongeza kwa wale wa nyumba za kaunsili wasije wakanakili ushauri huu wote wakaumia.

Tazama maneno yaliyoandikwa juu ya tiketi. "Parking Charge Notice" ni ya kampuni binafsi, yaani dai la mkataba. "Penalty Charge Notice" ni ya kaunsili, yaani adhabu ya kisheria. Zote mbili hufupishwa PCN na mara nyingi zinafanana kwa rangi. Maeneo mengi ya kaunsili hapa London yamewekwa chini ya amri ya trafiki, hivyo mhudumu anayekuandikia ni yuleyule wa barabarani. Hapo hoja ya "mkataba wangu ulitangulia bango" haina mashiko, na Jedwali la 4 halihusiki. Unapinga kwa kaunsili kwanza, na ukipinga ndani ya siku 14 nusu ya bei kwa kawaida inalindwa. Wakikataa, mwenye gari anasubiri barua ya "Notice to Owner", ana siku 28 za kupinga rasmi, kisha anaenda London Tribunals, au Traffic Penalty Tribunal kwa walio nje ya London. Ukiipuuza inapanda na mwisho wake madalali wa kweli wanabisha hodi.

Kama kaunsili inataka kubadilisha utaratibu wa maegesho kwenye eneo lenu, wapangaji wenye upangaji salama (secure tenancy) wana haki ya kushauriwa chini ya kifungu cha 105 cha Sheria ya Nyumba ya 1985, pale ambapo mabadiliko yanawagusa kwa kiasi kikubwa. Ile karatasi ya maoni inayopenyezwa chini ya mlango ndiyo hiyo. Ijazeni. Andikeni idadi ya vibali mnayohitaji, ya wageni, ya wauguzi wanaokuja kuwahudumia wazee. Wakati wa kusema ni huo, kabla rangi haijapakwa.

Na barabara ya umma mbele ya mlango wako si ya mtu, hata ukiishi hapo miaka 30. Pipa au koni ulilosimamisha kuweka nafasi halina haki yoyote. Kujua kama barabara ni ya umma, iulize kaunsili kama imo kwenye orodha yake ya barabara zinazotunzwa kwa fedha za umma.

Dada wa Ilala

Ahsante bibi. Yangu ni "Parking Charge Notice", nimehakikisha. Imebaki habari ya mama.

Abu Salim

Blue Badge imetungwa kwa ajili ya barabara za umma. Ndani ya eneo binafsi haifungui mlango yenyewe, kwa hiyo kuiweka kwenye dashibodi badala ya kibali hakutakulinda dhidi ya tiketi. Kinachomlinda mama ni Sheria ya Usawa ya 2010. Mwombee marekebisho ya kuridhisha, na utaje hasa unachotaka, maana ombi la jumla linajibiwa kwa maneno ya jumla.

Kwa mfano: kibali chenye namba 14 juu yake, kibali cha kielektroniki kinachofuata namba ya gari ili kusiwe na karatasi ya kudondoka, au kubadilishiwa nafasi ya karibu na mlango. Nafasi ya kawaida ina mita 2.4 kwa 4.8. Vani kubwa ina upana wa takriban mita 2 bila vioo vya pembeni, kwa hiyo ikiwa namba 13 au 15, mlango wa mama haufunguki kiasi cha kutoa mguu na fimbo. Nafasi ya mlemavu huongezwa mita 1.2 pembeni, jumla mita 3.6. Pima kwa futi ya kamba, andika vipimo kwenye barua. Ambatisha nakala ya Blue Badge na barua ya daktari au ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo inayosema anaweza kutembea umbali gani kabla ya kupumzika.

Usikubali kirahisi wakikwambia "iombe kaunsili ichore nafasi ya mlemavu barabarani". Hiyo ikichorwa si ya mama peke yake. Yeyote mwenye Blue Badge anaweza kuegesha.

Rafiki wa Glasgow

Hamjambo. Kwa sisi tulio Scotland, tafadhali msitumie tarehe hizo za Jedwali la 4. Jedwali hilo ni la England na Wales. Huku kufunga magari minyororo kwenye ardhi binafsi kuliharamishwa na mahakama mapema zaidi, 1992, na kampuni lazima imfuate dereva. Hilo halimaanishi dereva hana deni, kwa hivyo barua za mahakama zijibiwe vilevile. Malalamiko dhidi ya mwenye nyumba huenda hatua mbili, siku 5 za kazi kisha 20, halafu kwa SPSO, mwamuzi wa malalamiko ya huduma za umma wa Scotland. Tena kuegesha juu ya njia ya waenda kwa miguu ni marufuku huku, na kaunsili zimekuwa na uwezo wa kutoza tangu Desemba 2023. Wale mnaopanda kingo kwa sababu nafasi yenu imechukuliwa, mnajitafutia tiketi ya pili.

Dada wa Ilala

Nimeelewa. Naomba mnisaidie mpangilio wa barua ya shirika, niiweke kwa Kiingereza leo usiku.

Karatasi Kwanza

Ukurasa mmoja unatosha. Juu kabisa: "Haya ni malalamiko rasmi ya hatua ya kwanza." Aya ya kwanza: mkataba wa tarehe fulani, kifungu fulani, kinanipa nafasi namba 14, nakala na ramani zimeambatishwa. Aya ya pili: vibali mlivyotoa havina namba, na kwa sababu hiyo gari namba fulani limeegeshwa ndani ya nafasi yangu tarehe hizi, jedwali na picha zimeambatishwa. Sema pia tarehe uliyozungumza na jirani na alichojibu. Aya ya tatu: tarehe 3 Machi gari la nyumba hii lilipewa tozo namba fulani likiwa ndani ya namba 14, barua yenu ya kututambulisha kampuni haikutaja tozo. Aya ya nne: mama na marekebisho.

Halafu unachodai, kila kimoja kwenye mstari wake: thibitisheni kwa maandishi kwamba namba 14 ni ya nyumba hii, waandikieni wakaazi wote kwamba kibali hakimpi mtu nafasi ya mwenzake, pakeni namba upya, iagizeni kampuni ifute tozo, toeni kibali chenye namba au cha kielektroniki, nipeni jibu kuhusu nguzo ya kukunja. Usiweke matusi ya jirani wala historia ya ugomvi wa takataka. Vitu hivyo vinampa ofisa mahali pa kujifichia.

Tuma kwa barua pepe ya malalamiko, siyo kupitia kwa ofisa wa eneo peke yake, na uhifadhi jibu la kiotomatiki. Siku hiyohiyo tuma rufaa kwa kampuni kwa jina la shemeji, yeye mwenyewe akiituma au akikupa idhini ya maandishi. Mwambie pia ahakikishe anwani kwenye V5C (hati ya usajili wa gari) ni anapoishi sasa. Kama alihama bila kubadilisha, kila kitu nilichoandika hapo juu kuhusu tarehe kitampita.

Na kesho asubuhi kukiwa na mwanga, kabla hujatuma chochote, kapige picha lile bango la kwenye nguzo ya taa: moja kutoka mbali ikionesha urefu wake na namba 14 kwa pamoja, moja ukiwa umesimama chini yake kwa kimo chako, bila kukuza. Mabango hubadilishwa mara baada ya malalamiko ya kwanza kufika.